Kukutwa eneo la tukio si kuua: jeni zinazosingiziwa saratani

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichukua sampuli 178 za aina moja ya saratani ya mapafu, wakasoma vinasaba vyake, kisha wakauliza swali lililoonekana jepesi: ni jeni zipi zimeharibika mara nyingi kuliko bahati peke yake inavyoweza kueleza? Hesabu za kawaida zikawatolea orodha ya jeni 450. Walipoipitia wakakuta karibu robo yake ni jeni za kunusia. Ndiyo, zile zinazotengeneza vipokezi vya puani vinavyotuwezesha kutofautisha moshi na ua. Kulikuwa pia na jeni ya titini, protini ya misuli ambayo ndiyo ndefu kuliko zote mwilini.

Sasa pua na misuli vinahusiana vipi na uvimbe wa mapafu? Havihusiani. Titini huonekana imeharibika kila mara kwa sababu ni ndefu kupita kiasi. Ukuta mrefu hupata mawe mengi hata pasipo mtu wa kuulenga. Jeni za kunusia nazo zimelala tu ndani ya seli za mapafu bila kazi, na sehemu za DNA zisizotumika, ambazo pia hunakiliwa mwisho kabisa seli inapojiandaa kugawanyika, hulimbikiza makosa kuliko nyingine. Watafiti walipounda hesabu mpya inayozingatia mambo hayo mawili, orodha ya 450 ikabaki 11.

Nimeianza makala kwa kisa hicho kwa sababu nina ugomvi na namna habari za saratani zinavyotufikia. Kila baada ya muda tunasoma kwamba wanasayansi wamegundua "jeni ya saratani". Ukiifuatilia habari hadi kwenye utafiti wenyewe, mara nyingi unakuta kilichogunduliwa ni kwamba jeni fulani imeonekana imeharibika, au imezidi wingi, ndani ya uvimbe. Hiyo ni taarifa ya polisi, bado si hukumu. Kazi ya kuthibitisha jeni ile inafanya nini hasa, na kama seli ya saratani inaihitaji au haina habari nayo, ni kazi nyingine kabisa, ya polepole, isiyo na picha za kupendeza. Na ninaamini hiyo ndiyo tunayoidharau.

Ushahidi mzito wa hoja yangu ni ile jeni maarufu kuliko zote. Protini ya p53 iligunduliwa mwaka 1979 na makundi kadhaa ya watafiti kwa wakati mmoja. Baadhi yao waliikuta imeng'ang'aniana na protini ya SV40, kirusi kinachoweza kuzusha uvimbe kwa wanyama wa maabara. Ikaonekana imejaa tele ndani ya seli za saratani. Wakachukua jeni yake, wakaipachika kwenye seli za kawaida pamoja na jeni nyingine chochezi, na seli zikageuka kuwa na tabia za saratani. Ungetaka ushahidi gani zaidi? p53 ikaandikwa kwenye daftari la jeni zinazochochea saratani, na huko ikakaa miaka kadhaa.

Mwaka 1989 kesi ikapinduka. Kundi la Arnold Levine na lile la Bert Vogelstein, kila moja kwa njia yake, lilionyesha kwamba nakala za jeni hiyo zilizokuwa zikizunguka kwenye maabara zilikuwa mbovu. Zilikuwa zimetolewa kwenye seli zilizokwisha kuharibika, na hakuna aliyekuwa amegundua. Nakala nzima ilipopachikwa ilifanya kinyume: ilizuia seli zisigeuke. Vogelstein na wenzake waliona kwenye uvimbe wa utumbo mpana kwamba nakala moja imepotea na iliyobaki imeharibika. Mchochezi kumbe alikuwa mlinzi, na wingi wake ndani ya uvimbe ulikuwa wingi wa walinzi waliolemazwa. Leo tunajua jeni yake, TP53, imeharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu. (Tembo, ambaye kwa ukubwa wa mwili wake na wingi wa seli zake angepaswa kuugua saratani kuliko sisi, ana nakala 20 hivi za jeni hiyo za akiba. Watafiti walioziripoti mwaka 2015 wanadhani huenda zinachangia kumkinga.)

Tazama kosa lilipokaa. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyeona vibaya. p53 kweli ilikuwa imejaa ndani ya uvimbe. Kilichokosewa ni kazi yake. Hebu fikiria mwaka 1985 wangekuwa na ujuzi wa leo wa kutengeneza dawa: si ajabu kampuni ingetumia mamilioni ya dola kutafuta kidonge cha kuizima p53, yaani kumfunga kamba mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

Tangu wakati huo usomaji wa vinasaba umekuwa rahisi kiasi cha kustaajabisha. Mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, uliokamilika mwaka 2003 uligharimu karibu dola bilioni 3; leo mtu mmoja husomwa kwa chini ya dola 1,000. Mradi wa Marekani wa atlasi ya jenomu za saratani, ulioanza mwaka 2006, ulichambua sampuli zaidi ya 20,000 za aina 33 za saratani. Mwaka 2020 muungano wa kimataifa wa watafiti ulitangaza uchambuzi wa jenomu nzima za uvimbe 2,658. Uvimbe mmoja unaweza kubeba maelfu ya mabadiliko, lakini kwa wastani yale yanayousukuma ukue yalikuwa manne au matano tu. Wenyewe kwenye fani huyaita madereva, na yaliyobaki huyaita abiria. Katika uvimbe mmoja kati ya kila 20 hivi hawakumwona dereva hata mmoja, ingawa walikuwa wamesoma kila herufi.

Basi limejaa, na abiria wote wamevaa kama dereva. Utamjuaje anayeshika usukani?

Njia iliyozoeleka ni kuhesabu: jeni inayoharibika kwa wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa lazima ina jambo. Ni njia nzuri, na ndiyo iliyotupa nyingi ya jeni tunazozijua. Lakini ina mtego mwingine mbali na ule wa titini. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Sanger ya Uingereza walichunguza umio, ule mrija wa kupitisha chakula, kutoka kwa watu wasio na saratani. Walikuta kwamba mtu akifika umri wa kati, zaidi ya nusu ya ngozi ya ndani ya umio wake inaweza kuwa imetawaliwa na seli zenye mabadiliko katika jeni zinazotajwa kila siku kwenye saratani. Jeni ya NOTCH1 ilikuwa imeharibika mara nyingi zaidi kwenye umio wenye afya kuliko kwenye saratani ya umio. Soma sentensi hiyo tena. Na majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba seli zilizopoteza jeni hiyo husambaa kwa kasi kwenye umio wa kawaida, lakini upotevu wake hupunguza ukuaji wa uvimbe. Mtu anayehesabu ndani ya uvimbe peke yake asingejua hilo kamwe.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni cha MELK.

MELK ni kimeng'enya kinachopatikana kwa wingi katika aina nyingi za uvimbe. Wagonjwa wenye MELK nyingi walikuwa na hali mbaya zaidi. Makala kadhaa za kisayansi zilionyesha kwamba ukiinyamazisha jeni yake kwa kutumia vipande vya RNA, seli za saratani hufa. Dawa ya kuizuia, iliyopewa jina la OTS167, ikatengenezwa, ikaua seli maabara, ikapelekwa kwenye majaribio kwa wagonjwa. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake na mihuri yake.

Katika maabara ya Jason Sheltzer pale Cold Spring Harbor, jimbo la New York, wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza walikuwa wanafanya kazi nyingine. MELK waliichukua kama kipimo cha kulinganishia tu, kitu ambacho jibu lake linajulikana, ili wahakikishe mitambo yao iko sawa. Jaribio lenyewe ni la kupendeza kwa urahisi wake. Unachukua seli za saratani zinazoishi kwenye kisahani cha plastiki, ndani ya maji ya virutubisho yenye rangi ya waridi. Baadhi yake unazipa CRISPR, ule mkasi wa kukata DNA, ukiwa umeuelekeza kwenye jeni unayoishuku. Pamoja nao unazipa protini inayong'aa kijani ili uzitambue. Nyingine unaziacha zilivyo. Unazichanganya kwenye kisahani kimoja, unazirudisha kwenye joto la mwili wa binadamu, na kila baada ya siku chache unachota kidogo na kuhesabu: za kijani ni asilimia ngapi?

Kama jeni uliyoikata ni ya lazima, seli za kijani zinashindwa kushindana na jirani zake, na rangi inafifia wiki baada ya wiki hadi inakaribia kwisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa walipokata RPA3, jeni ambayo hakuna seli inayogawanyika bila yake. Walipokata MELK, kijani hakikufifia. Wakajaribu seli za koo nyingine, yaani zilizotokana na uvimbe mwingine, jibu lile lile. Wakafanya jambo la pili, ambalo mimi naliona ndilo lililofunga kesi: wakazimwagia ile dawa seli ambazo MELK haimo kabisa. Zikafa vilevile, sawa na wenzake walio nayo.

Maana yake dawa ilikuwa inaua kweli, lakini ilikuwa inaingilia mlango mwingine, tofauti na ule ulioandikwa kwenye jalada lake. Na zile RNA za kunyamazisha jeni, zilizoshawishi watu wote mwanzoni, tangu zamani zinajulikana kwa tabia ya kunyamazisha na majirani wasiohusika.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Miaka miwili baadaye maabara ile ile ilitangaza kwamba imezipitia dawa kumi zilizodaiwa kulenga protini sita tofauti, baadhi zikiwa tayari zinajaribiwa kwa wagonjwa, na hadithi ikajirudia: ondoa jeni inayodaiwa kulengwa, seli zinaendelea kuishi, dawa inaendelea kuziua. Kwa mojawapo, OTS964, walikwenda mbali zaidi. Walizitia seli dozi ya kuua, wakasubiri zile chache zitakazonusurika, wakasoma jeni za manusura. Wakakuta badiliko katika jeni inayotengeneza kimeng'enya cha CDK11. Wakalipachika badiliko hilo hilo kwenye seli ambazo hazijawahi kukutana na dawa, nazo zikawa sugu. Mlango halisi ulikuwa huo. Dawa iliyobuniwa kwa ajili ya shabaha moja ikawa chombo cha kwanza kizuri cha kuchunguza shabaha nyingine ambayo karibu hakuna aliyekuwa anaitazama.

Najua pingamizi. Daktari mmoja niliyewahi kumsimulia kisa hiki alinikatisha: "Mgonjwa wangu hajali mlango, anajali uvimbe upungue." Ana haki ya kusema hivyo. Ila siku hizi dawa nyingi za saratani hazitolewi kwa kila mtu. Mgonjwa huchaguliwa kwa kupima jeni au protini ndani ya uvimbe wake. Ukipima MELK kumchagulia mtu dawa inayofanya kazi kwenye kitu kingine, umemchagua kwa kurusha shilingi. Madhara utakayoyakwepa hutayajua, kwa sababu hujui dawa inagusa nini. Na majaribio yakishindwa, hakuna atakayejua kama dawa ndiyo mbaya au walichaguliwa wagonjwa wasio wake.

Hata pale kazi ya jeni inapojulikana vizuri, mahali inapoishi hubadilisha mambo. Jeni ya BRAF iligunduliwa kuwa na badiliko moja maarufu mwaka 2002: herufi moja ya DNA inabadilika, asidi moja ya amino katika nafasi ya 600 inageuka, na swichi ya ukuaji inabaki imewashwa. Karibu nusu ya wagonjwa wa melanoma, ile saratani kali ya ngozi, wanalo. Dawa ya vemurafenib iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 iliyeyusha uvimbe wao kwa namna ambayo madaktari walikuwa hawajaizoea. Basi wenye saratani ya utumbo mpana na badiliko hilo hilo, herufi kwa herufi, wakapewa nao. Wengi mno hawakupata nafuu. Mwaka 2012 kundi la René Bernards nchini Uholanzi lilieleza kwa nini: katika seli za utumbo, ukiizima BRAF, kipokezi kingine kiitwacho EGFR kinaamka na kuwasha ukuaji kwa njia ya pembeni. Seli za melanoma zina EGFR kidogo sana, ndiyo maana hazikuwa na ujanja huo. Walilijua hilo kwa kunyamazisha jeni moja baada ya nyingine na kutazama ipi ikiondoka dawa inaanza kufanya kazi. Mwaka 2020 mchanganyiko wa dawa mbili, moja ya BRAF na moja ya EGFR, uliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa hao. Hakuna usomaji wa herufi, hata ungerudiwa mara elfu, ambao ungeonyesha jambo hilo; badiliko lilikuwa moja kote kuwili.

Nisije nikaonekana nawatukuza watu wa maabara za utendaji wa jeni kana kwamba wao hawakosei. CRISPR yenyewe iliwahi kuwadanganya. Mwaka 2016 iligundulika kwamba seli zenye nakala nyingi za eneo fulani la DNA hufa ukizikatia hapo, hata kama jeni uliyoikata haina kazi yoyote, kwa sababu mkasi unakata sehemu nyingi kwa mpigo na seli haihimili majeraha. Jeni kadhaa zilikuwa zimeshaanza kuitwa za lazima kwa kosa hilo. Na ukoo wa seli uitwao MDA-MB-435 ulitumika miaka mingi, katika mamia ya makala, kama mfano wa saratani ya matiti, mpaka ikabainika kwamba ni melanoma. Nikisikia hivyo huwa nawafikiria waliojenga shahada zao za uzamivu juu yake.

Tofauti ni kwamba makosa haya yaligunduliwa na watu wa aina ile ile, waliokuwa tayari kuzirudia kazi za wenzao na za kwao. Swali ni nani anawalipa. Mtafiti kijana anayetaka ajira anajua kwamba "nimegundua shabaha mpya" inafungua milango, na "nimeonyesha kwamba shabaha ya zamani si shabaha" inamtafutia maadui. Matokeo yake tumerundikana kwenye jeni chache zilizokwisha kuwa na jina. Binadamu ana jeni zinazotengeneza protini zipatazo 20,000, na sehemu kubwa ya makala inaelekezwa kwenye kama 2,000 kati yake. Zilizobaki zina namba, zina nafasi kwenye kromosomu, na hazina wasifu. Ningekuwa natoa fedha za utafiti, ningeweka sharti moja lisilo na gharama kubwa: hakuna dawa mpya kuingia kwa binadamu kabla mtu asiye na maslahi nayo hajaiondoa jeni inayolengwa na kuonyesha kwamba dawa inakoma kufanya kazi. Wiki kadhaa za kuhesabu seli za kijani.

Mambo haya hayaishii kwa watafiti. Binamu yangu alipimwa jeni baada ya mama yake kuugua saratani ya matiti. Majibu yalikuja na mstari mmoja kwamba kwenye BRCA1, jeni ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti, ana badiliko la "maana isiyojulikana". Alinionyesha karatasi. "Kaka, hii maana yake ninayo au sina?" Sikuwa na jibu, na aliyemwandikia naye hakuwa nalo. Badiliko limesomwa bila kosa hata la herufi. Kazi yake ndiyo haikujulikana. Na kwa kuwa hazina za vinasaba duniani zimejazwa zaidi na watu wenye asili ya Ulaya, wengine wote hupata mstari huo mara nyingi zaidi.

Kuna watu walioamua kulikabili tatizo hilo kwa nguvu za mikono. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichukua seli za aina ambayo hufa BRCA1 ikiharibika, wakaandika ndani yake karibu mabadiliko 4,000 ya herufi mojamoja katika sehemu muhimu za jeni hiyo, hata yale ambayo hayajawahi kuonekana kwa mgonjwa yeyote, kisha wakatazama seli zipi zinabaki. Zilizobaki zilikuwa na badiliko lisilodhuru. Zilizotoweka zilikuwa na badiliko baya. Walipolinganisha na mabadiliko ambayo kliniki zilikwisha kuyajua kwa miaka mingi ya kuziandama familia, majibu yalilingana karibu yote. Kwa njia hiyo mtu anaweza kupewa jibu la badiliko ambalo yeye ndiye wa kwanza duniani kuonekana nalo.

Badiliko la binamu yangu liko nje ya sehemu zile walizozifanyia kazi. Nilimwambia aulize jambo moja tu: majibu haya yatapitiwa upya lini? Mabadiliko ya namna yake yanapokuja kufahamika, mengi huhamishiwa upande wa yasiyodhuru, lakini lazima awepo mtu wa kurudi kuangalia. Alikwenda, akauliza. Mshauri aliinama kwenye kompyuta, akakaa kimya kidogo, kisha akaandika kwa kalamu pembeni mwa karatasi ile mwezi na mwaka.